Mtaka cha Mvunguni: Mwanafunzi wa Kiswahili na Uzamifu wa Asia ya Mashariki

Utangulizi

Kila mwaka, muhula unapokaribia ukingoni, huzuka msimu mwingine usioandikwa katika kalenda ya chuo kikuu. Huo ni msimu wa kuomba ufadhili. Wahitimu wapya, wanafunzi wa uzamili na walimu vijana wa shule za upili husaka nakala rasmi za alama, huwabishia wahadhiri milango wakitaka barua za mapendekezo, kisha hutuma maombi kokote lilikoandikwa neno 'ufadhili'. Wengi wao hupokea jibu la aya mbili lisilotoa sababu yoyote. Miongoni mwa nafasi zinazozidi kumezewa mate ni zile za uzamifu katika taaluma za Asia ya Mashariki, yaani uchunguzi wa lugha, fasihi, historia, dini na jamii za Uchina, Japani na Korea. Nafasi hizi hutolewa na vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, na pia na serikali za nchi hizo za Asia zenyewe.

Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kila sababu ya kuubisha mlango huo, na kwamba anayo mali ambayo waombaji wengi wa London, Chicago au hata Beijing hawana. Hata hivyo, mali hiyo ni nusu tu ya kiingilio. Nusu ya pili ni lugha ya Asia ya Mashariki iliyosomwa kwa miaka mitatu au minne kabla ya fomu ya maombi kujazwa. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wa idara za Kiswahili hawaogopi kuinama. Wanachokosa ni mtu wa kuwaeleza mapema mvungu wenyewe uko wapi, na una kina gani.

Anayesoma na Anayesomwa

Uhusiano wa Waswahili na Asia ya Mashariki si jambo la jana. Kule Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ipo nguzo ya kaburi iliyopambwa kwa bakuli za sini kutoka Uchina, na magofu ya Gedi yametoa vigae vingi vya aina hiyo. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme Yongle, enzi za safari za Zheng He. Mwaka 2013 wanaakiolojia Chapurukha Kusimba, ambaye ni Mkenya, na Sloan Williams walitangaza kupatikana kwa sarafu ya enzi ya Yongle katika kisiwa cha Manda. Lugha yenyewe ni shahidi. Neno 'sini' ni kumbukumbu ya Uchina, na 'chai' ni neno la Kichina lililozunguka Asia kabla ya kutua katika vikombe vya pwani.

Katika zama hizi, uhusiano huo umekuwa na upande mmoja ulio macho kuliko mwingine. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Mwaka 2006 mrithi wake alifungua kituo cha masafa ya FM jijini Nairobi. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Tanzania. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya Beijing tangu miaka ya 1960, na kinafundishwa pia Osaka na Seoul. Katika madarasa hayo, kijana wa Kijapani au wa Kikorea hutokwa jasho akipambana na ngeli na unyambuaji wa vitenzi. Baadhi yao baadaye huja Lamu, Unguja au Mombasa kufanya utafiti, wakaandika makala kwa Kiswahili sanifu ambacho wasomi wa Afrika Mashariki hukisifu.

Je, upande wa pili una nani? Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianzishwa mwaka 2005, na vyuo vingine kadhaa vya Kenya vikafuata. Maelfu ya vijana wamejifunza Kichina cha kusalimiana, cha biashara na cha kuombea kazi. Lakini ni wachache mno wanaoweza kuketi na kitabu cha historia kilichoandikwa kwa Kichina wakakisoma, wakakipinga na kukijibu. Reli ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017, na Wakenya walibishana kwa miaka mingi kuhusu mikataba yake, ambayo sehemu yake iliwekwa hadharani Novemba 2022. Katika mabishano hayo yote, ilikuwa adimu kusikia sauti ya msomi wa Kenya aliyekwisha kusoma yale ambayo Wachina wenyewe waliandika kwa Kichina kuhusu reli hiyo. Jamii inayosomwa na wengine, huku yenyewe haiwasomi, hubaki ikipokea tafsiri ya mambo yake kutoka kwa majirani wa mbali. Hiki ndicho kinachoufanya uzamifu huu uwe jambo zito kuliko cheo cha 'Daktari' mbele ya jina.

Ufadhili si Sadaka

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kuuona ufadhili kama zawadi ya alama nzuri au sadaka kwa maskini. Dhana hii huwafanya waandike barua za kulilia hali, wakisimulia ada zilizokosekana na maili walizotembea kwenda shuleni. Masimulizi hayo huenda ni ya kweli na ya kuhuzunisha, lakini hayajibu maswali ya wanaoyasoma.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, ufadhili wa uzamifu humaanisha kwamba chuo husamehe karo, hulipa posho ya kujikimu na bima ya afya kwa takriban miaka mitano au sita. Kwa upande wake, mwanafunzi huhudhuria semina, hufaulu mitihani ya lugha na ya uwanja wake, husaidia kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, kisha huandika tasnifu. Huo ni mkataba wa kazi. Aghalabu shahada ya uzamili huwa imo ndani ya programu hiyo, kwa hivyo hata mwenye shahada ya kwanza pekee anaweza kuomba. Kwa kuwa kila mwanafunzi hugharimu idara fedha nyingi, wanaochukuliwa kila mwaka ni wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Kamati ya usajili inapoketi, hujiuliza mambo matatu. Je, mwombaji huyu anaweza kuzisoma nyaraka anazodai kutaka kuzitafiti? Je, ana swali linalostahili miaka sita ya kazi? Je, yuko mwalimu hapa anayeweza kumsimamia? Alama za daraja la kwanza humfikisha mwombaji kizingitini tu. Mtihani wa GRE, uliowahi kuwa kikwazo kwa vizazi vya waombaji, umeondolewa na idara nyingi tangu mwaka 2020, na kuondolewa huko kumeyapa maswali haya matatu uzito zaidi.

Njia za Asia yenyewe zina sura tofauti. Serikali ya Japani hutoa ufadhili unaojulikana kwa jina la MEXT, ambao kwa njia ya ubalozi huanza kwa matangazo ya katikati ya mwaka, mitihani ya maandishi na mahojiano humu nchini. Anayefaulu huenda kwanza akapokewa kama mwanafunzi wa utafiti kabla ya kuruhusiwa kuingia katika uzamifu wenyewe. Serikali ya Uchina hutoa ufadhili wake kupitia balozi na vyuo, na huweza kuongeza mwaka mmoja wa kujifunza Kichina. Ufadhili wa serikali ya Korea Kusini humwanzisha mwanafunzi kwa mwaka wa lugha, na ni lazima afikie kiwango kilichowekwa kabla ya kuendelea na masomo ya shahada. Njia hizi zina mipaka ya umri, na mwombaji anayejikokota huikuta imemfungia nje. Kwa mwanafunzi asiye na lugha, miaka hiyo ya matayarisho ni fursa ya dhahabu. Hata hivyo, mwaka mmoja wa lugha haumtoshi mtu kusoma hati za karne ya kumi na tano.

Lugha Kabla ya Fomu

Hapa ndipo mvungu ulipo. Programu nyingi za Marekani hutarajia mwombaji wa fasihi au historia ya Uchina awe amesoma Kichina cha kisasa kwa takriban miaka mitatu au zaidi, na ikiwezekana awe amekionja Kichina cha kale, ambacho hutofautiana na cha leo kwa sarufi na msamiati. Anayetaka kuitafiti Uchina ya kale atatakiwa pia, kabla ya kumaliza, aweze kusoma Kijapani, kwa kuwa wasomi wa Japani wameandika mengi mazito kuhusu Uchina. Anayeshughulikia Japani ya kale hali kadhalika hujifunza Kijapani cha zamani pamoja na namna yao ya kusoma maandishi ya Kichina. Mwombaji anayeandika kwamba 'yuko tayari kujifunza' hushindana na wenzake waliokwisha kujifunza. Utayari ni jambo jema, lakini kamati haiwezi kuupima.

Mwanafunzi wa Kiswahili asitishike na habari hizi. Kwanza, yeye huja na lugha mbili au tatu kinywani kabla hajaongeza nyingine, na si kila mwombaji wa ughaibuni awezaye kusema hivyo. Pili, mafunzo yake ya isimu humpa funguo. Katika Kichina, nomino haihesabiwi peke yake. Kitabu kimoja ni 'yi ben shu' na karatasi moja ni 'yi zhang zhi', ambapo 'ben' na 'zhang' ni maneno yanayoainisha vitu kwa aina na umbo. Aliyezoea kuona ulimwengu ukipangwa kwa ngeli hawezi kuduwaa kuona lugha nyingine ikiupanga kwa njia yake. Vivyo hivyo, aliyelelewa katika 'shikamoo' na 'marahaba' haoni ajabu kwamba Kijapani hubadilisha vitenzi kulingana na heshima ya anayezungumziwa. Tatu, yule aliyesoma tenzi za kale katika hati za Kiarabu amekwisha kujua adabu ya kusoma miswada, kulinganisha nakala na kutilia shaka mkono wa mnakili. Stadi hiyo huvuka mipaka ya lugha.

Linalohitajika ni kuanza mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiandikisha katika darasa la Kichina, akashikilia hadi mwaka wa nne, akafanya mitihani ya HSK ngazi baada ya ngazi, kisha akatafuta ufadhili wa mwaka mmoja wa lugha nchini Uchina, huwa mtu tofauti kabisa mbele ya kamati. Kwa Kijapani, upo mtihani wa JLPT wenye ngazi tano, ambao umekuwa ukifanyika jijini Nairobi. Vyeti hivi havimfanyi mtu msomi, lakini humpa mgeni ushahidi wa kile ambacho maneno matupu hayawezi kuthibitisha.

Swali Linalotoka Nyumbani

Lugha ikishapatikana, mali ya mwanafunzi wa Kiswahili huanza kung'aa. Waombaji wengi huandika taarifa ya azma inayoanza kwa kusema kwamba tangu utotoni wamevutiwa na utamaduni tajiri wa Uchina au filamu za Kijapani. Taarifa kama hiyo inaweza kuandikwa na yeyote popote. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo maswali ambayo wengine hawawezi hata kuyauliza.

Chukua mfano wa kanga, au leso kama inavyoitwa Mombasa. Katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, kanga nyingi zilizouzwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapishwa katika viwanda vya Japani kwa maagizo ya wafanyabiashara wa pwani, akiwemo yule wa Mombasa ambaye nembo yake ya 'Mali ya Abdulla' inajulikana hadi leo. Biashara hii ilikuwa na mizizi ya awali zaidi. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za Afrika Mashariki mwaka 1926, na Japani ikafungua ubalozi mdogo Mombasa mwaka 1932. Tafakari basi juu ya maandishi yaliyo kwenye kanga hizo. Methali na mafumbo ya Kiswahili yalichongwa na kupigwa chapa na mafundi ambao lugha hiyo haikuwa yao, maili elfu kadhaa kutoka kwa wanawake ambao wangeyavaa na kusemezana kwayo. Nani alichagua maneno hayo? Yalisafiri vipi kutoka Biashara Street hadi kiwandani? Makosa ya herufi yalisahihishwa na nani, na yapi yalipita yakawa sehemu ya lugha ya vazi? Majibu yamo katika kumbukumbu za makampuni zilizoandikwa kwa Kijapani, na katika masanduku na vinywa vya wazee wa pwani wanaozungumza Kiswahili. Mtafiti asiye na lugha zote mbili atapata nusu ya hadithi.

Mfano wa pili ni vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa Beijing katika miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo nukuu za Mwenyekiti Mao. Je, watafsiri walitafsiri kutoka Kichina moja kwa moja au walipitia Kiingereza? Ni istilahi zipi za siasa zilizobuniwa huko kisha zikatumika, au zikakataliwa, Afrika Mashariki? Swali hili ni la tafsiri, la leksikografia na la historia ya Uchina kwa wakati mmoja. Msomi wa Kichina asiyejua Kiswahili hawezi kulijibu, na msomi wa Kiswahili asiyejua Kichina atakwama pale pale. Kamati inayosoma swali kama hili huona pengo ambalo mwombaji huyu hasa ndiye wa kuliziba.

Vita vya Karatasi

Ziko hati tatu zinazomtatiza mwombaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni sampuli ya uandishi, ambayo kwa kawaida hutakiwa iwe ya kurasa kumi na tano hadi ishirini na tano hivi. Kazi bora kabisa ya mwanafunzi huyu, iwe insha ya semina au tasnifu ya uzamili, imeandikwa kwa Kiswahili, nayo kamati ya wataalamu wa Asia ya Mashariki haisomi Kiswahili. Wengine hukimbilia insha dhaifu waliyoiandikia somo la pembeni kwa Kiingereza. Hilo ni kosa. Heri mwombaji aichukue kazi yake bora, aitafsiri mwenyewe kwa utulivu, na aongeze aya ya utangulizi inayomweleza mgeni muktadha. Tafsiri hiyo huhitaji miezi miwili au mitatu, si juma la mwisho kabla ya makataa.

Ya pili ni barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida huwa tatu. Mhadhiri mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi huombwa barua siku mbili kabla ya makataa, naye huandika kwamba mwanafunzi huyu ni mtiifu, mwenye nidhamu na anayeshirikiana vyema na wenzake. Sifa hizi zingempendeza mkuu wa shule ya bweni. Kamati hutaka kujua mwanafunzi aliuliza swali gani darasani, aliandika nini kilichomshangaza mwalimu wake, na anasimama wapi akilinganishwa na wengine waliofundishwa kwa miaka kumi. Lawama hapa ni ya pande zote mbili. Mwanafunzi awaendee wahadhiri wake wiki sita kabla, akiwa na taarifa yake ya azma na insha aliyowahi kuwaandikia. Mhadhiri naye atambue kwamba barua ya mistari minane hufunga mlango ambao mwanafunzi ameusukuma kwa miaka minne.

Ya tatu ni ada. Vyuo vingi vya Marekani hutoza mwombaji takriban dola 100 kwa kila ombi, na mtihani wa Kiingereza una gharama yake juu ya hizo. Mwombaji anayepeleka maombi kumi kiholela hupoteza fedha ambazo zingemlipia mwaka mzima wa darasa la lugha. Vyuo vingi huwa na utaratibu wa kusamehe ada hiyo, na vingine husamehe mtihani wa Kiingereza kwa waliosoma katika chuo ambacho lugha yake rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Lakini msamaha huombwa mapema na kwa maandishi, kwani haumfuati mtu nyumbani. Makataa ya Marekani mengi huangukia Desemba, majibu hutoka Februari na Machi, na tarehe 15 Aprili ndiyo siku ambayo kwa desturi waliochaguliwa huamua.

Pingamizi Zinazostahili Kujibiwa

Wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili akimbilie Asia ilhali kazi ya kukikuza Kiswahili haijakamilika nyumbani. Pingamizi hili lina uzalendo ndani yake, lakini linasahau kwamba lugha haikui kwa kujifungia. Kiswahili kilipata utajiri wake kwa kukutana na Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na lugha nyingine. Msomi anayeweza kutafsiri riwaya ya Kijapani moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupitia dirisha la Kiingereza, huikuza lugha kwa namna ambayo azimio la kongamano haliwezi.

Wengine husema ufadhili wa serikali za kigeni hununua ndimi. Hofu hii haifai kupuuzwa. Mwanafunzi anayelipiwa na serikali yoyote, iwe ya Uchina, Japani, Marekani au Uingereza, anapaswa kujua ni masuala yapi yatamletea ugumu pale aendako, hasa kuhusu kumbukumbu za nyaraka na siasa za karibuni. Tiba ya hofu hiyo ni wingi wa wasomi waliopitia njia tofauti, mmoja Beijing, mwingine Osaka, mwingine Chicago, wakarudi kusahihishana.

Pingamizi zito kuliko yote ni la riziki. Miaka sita ni mingi. Wazazi huzeeka, wadogo huhitaji karo, na anayerejea na shahada hii hakuti idara nyingi za Asia ya Mashariki zikimngojea nchini Kenya. Aidha, milango ya ng'ambo haibaki wazi daima. Mwaka 2025 vyuo kadhaa vikubwa vya Marekani vilipunguza nafasi za uzamifu katika lugha na fasihi, na baadhi ya idara zikasimamisha usajili kwa mwaka mmoja. Kumficha mwanafunzi ukweli huu ni kumdhulumu. Kwa hivyo asiende yule anayetafuta tu pa kukimbilia ukosefu wa ajira. Aende aliye na swali ambalo halimpi usingizi, na asitie mayai yake yote katika kapu la nchi moja. Aombe Marekani, lakini aombe pia Japani, Uchina au Korea, kwa kuwa kalenda zao hazigongani na lugha aliyojifunza itamfaa kotekote.

Hitimisho

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mwanafunzi peke yake. Idara za Kiswahili zina uwezo wa kufanya mambo matatu bila kungoja fedha mpya. Kwanza, zimruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuoanisha Kiswahili na Kichina au Kijapani pale ambapo chuo kinazifundisha lugha hizo, na zimshauri hivyo katika juma la kwanza, kabla hajachagua masomo kwa kufuata rafiki. Pili, wahadhiri wawatumie wageni wa Osaka, Seoul na Beijing wanaokuja kufanya utafiti wa Kiswahili. Mgeni anayesaidiwa kupata wasailiwa Lamu anaweza, kwa adabu ile ile, kuombwa asome rasimu ya mwanafunzi wa mwenyeji wake. Tatu, vyama vya wanafunzi viweke jalada la maombi yaliyopita, yaliyofaulu na yaliyokataliwa, kwa idhini ya wenyewe, ili anayeomba mwaka huu asianze kupapasa gizani pale alipoanzia wa mwaka jana.

Bakuli za Mambrui zimekaa ukutani kwa karne nyingi. Wageni wamekuja kuzipima, kuzitaja enzi na kuziandikia vitabu kwa Kichina, Kijapani na Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa maili chache kutoka hapo anastahili kuvisoma vitabu hivyo kwa macho yake, na kuvijibu. Darasa la lugha la mwaka wa kwanza ndipo pa kuanzia, nalo hufungua usajili kila Septemba.